Hodi Kwanza: Je, Sheria Imlazimishe Mwenye Programu Kusema Achukuacho?

Swali lililoletwa katika darasa yetu mwezi uliopita si swali la kudharauliwa. Ndugu mmoja aliuliza: hizi programu ambazo watu wazitia katika simu zao, za kukopa, za kupiga picha, za kujua saa za sala na hali ya hewa, je, yapasa sheria iwalazimishe wenye kuzitengeneza wabainishe ni habari gani wazichukuazo kwa watu, wazipeleka wapi, na wazifanyia nini? Au jambo hilo liachwe baina ya mwenye kutoa na mwenye kupokea, kila mmoja kwa hiari yake? Waliohudhuria waligawanyika, na wengine walisema maneno yenye uzito pande zote mbili. Tumeona ni vyema tuyaandike tuliyoyafikiri baada ya mjadala ule, ili wasomaji wetu nao wayapime.

Swali lenyewe halikuzuka bure. Lilitokana na jambo lililomfika mwalimu mmoja wa chuo, mtu mzima mwenye heshima yake mtaani. Adhuhuri moja alipigiwa simu na mtu asiyemjua. Mtu yule akamtaja kwa jina lake, kisha akamwambia: "Mwambie fulani alipe pesa za watu. Wewe ni mtu wake." Huyo fulani ni kijana fundi wa pikipiki aliyepata kusoma kwake utotoni. Alikuwa amekopa shilingi 3,000 kwa njia ya simu ili anunue vipuri, na siku ya kulipa ikampita. Siku hiyo hiyo walipigiwa simu mkwewe, mwenye nyumba anayompangisha, na mteja wake mkubwa. Kijana alipokuja kumtaka radhi mwalimu hakuweza kuinua macho. "Maalim," akasema, "wallahi mimi sikuwapa namba yako."

Naye alisema kweli kwa kadiri alivyofahamu, kwani hakumwandikia mtu yeyote namba ile. Lakini siku alipoitia programu ya mkopo katika simu yake, kioo kilimwuliza kama aruhusu, naye akabonyeza palipoandikwa kuruhusu, kama wabonyezavyo wengi. Kwa kubonyeza huko, daftari zima la majina lililokuwamo katika simu likatoka likaenda kwa watu asiowajua.

Sisi watu wa pwani hatuhitaji kufundishwa na mtu maana ya siri ya nyumba. Mtoto mdogo wa kwetu ajua kuwa haingii kwa jirani illa apige hodi, na asipoitikiwa karibu hurudi zake, hata kama mlango u wazi. Hodi ina sehemu mbili. Ya kwanza ni kumjulisha mwenye nyumba kuwa yuko mtu mlangoni, na ya pili ni kungoja jibu lake. Aingiaye kimya amefanya kosa hata asipochukua kitu. Na apigaye hodi kwa sauti isiyosikika, kisha akaingia akidai kuwa alipiga, huyo hakupiga hodi. Twaomba msomaji aushike mfano huu, kwani tutaurejea.

Sasa na tuwape haki yao wale waliopinga kulazimishwa. Hoja zao zilikuwa tatu. Ya kwanza ni kuwa hakuna aliyemshika mtu mkono. Mwenye kutaka programu aichukua, na asiyetaka aiacha. Ya pili ni kuwa sheria nyingi zawalemea wadogo. Kijana wa Mombasa au Kisumu atengenezaye programu peke yake chumbani hana wakili wa kumwandikia kurasa za kanuni, hali kampuni kubwa inao mawakili wa kutosha, basi sheria itamvunja mdogo na kumwacha mkubwa. Ya tatu, nayo ndiyo iliyotushughulisha zaidi, ni kuwa hata zikiandikwa kanuni hizo hapana azisomaye. Mwaka 2008 wachunguzi wawili wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon nchini Marekani walipiga hesabu wakaona kuwa mtu akitaka kusoma kanuni za faragha za kila mahali apitapo katika intaneti, angetumia kiasi cha saa 200 kwa mwaka. Nani mwenye saa hizo? Basi, wakasema, sheria hiyo yazaa karatasi tu.

Tuanze na hoja ya hiari. Twakubali kuwa mtu mzima ni mwenye hiari yake, wala hatupendi serikali imshike mkono katika kila jambo. Lakini hiari yataka ilmu. Mtu hawezi kuridhia asilolijua. Wasomaji wetu wakijua kisa cha Mtume, rehema na amani zimshukie, alipopita katika soko la Madina akamwona muuzaji na lundo la nafaka, akatia mkono ndani akakuta chini kuna unyevu. Mwenye mali akajitetea kuwa mvua ndiyo iliyoirowesha. Mtume hakumkataza kuuza; alimwuliza kwa nini hakuiweka ile iliyorowa juu watu wakaiona, akalihesabu jambo lile kuwa ni udanganyifu. Tazama kuwa muuzaji yule hakusema uwongo hata neno moja. Kosa lake lilikuwa kunyamaza na kuficha. Wala hakuambiwa kuwa mnunuzi alikuwa na hiari ya kutia mkono wake mwenyewe ndani ya lundo.

Na katika simu mnunuzi hana hata mkono wa kutia. Mathalan, mwaka 2013 Tume ya Biashara ya Marekani ilimshitaki mwenye programu moja ya tochi. Ni tochi tu, ya kuwasha taa ya simu gizani, nayo ilikuwa imechukuliwa na makumi ya mamilioni ya watu. Katika kanuni zake iliandikwa kuwa habari zitakazokusanywa zitatumiwa na kampuni yenyewe. Haikuandikwa kuwa mahali alipo mtu, pamoja na alama ya kuitambulisha simu yake, hupelekewa wengine, wakiwamo wafanya matangazo ya biashara. Na lililo baya zaidi, mtu alipoifungua mara ya kwanza alionyeshwa kanuni na kuulizwa kama akubali au akataa, na kabla hajajibu, habari zake zilikuwa zimekwisha anza kutoka. Yaani aliulizwa hodi na mtu aliyekwisha kuketi sebuleni! Ni mwerevu gani ambaye angeigundua hila hii kwa kuitazama tochi yake? Basi kusema kuwa mtu alikuwa na hiari hapa ni kucheza na maneno.

Ama hoja ya wadogo, ina ukweli ndani yake, na sheria yenye hekima haimtaki fundi mmoja aandike kurasa arobaini. Lakini mtu achukuaye machache, kuyasema kwake ni mistari michache. Anayehitaji kurasa arobaini ni yule achukuaye mengi. Tena liko jambo ambalo wengi hawalijui. Programu aghalabu haitengenezwi yote na mtu mmoja. Mtengenezaji hutia ndani yake vipande vilivyotengenezwa na kampuni nyingine, na vipande hivyo huwa na kazi zao wenyewe. Huenda mwenye programu asijue barabara ni nini kitokacho katika nyumba aliyoijenga.

Ushahidi wa hayo watuhusu sisi khasa. Mnamo Novemba 2020 gazeti moja la Marekani la mambo ya teknolojia lilifichua kuwa programu ya Muslim Pro, itumiwayo na Waislamu kujua saa za sala na upande wa kibla, ilikuwa ikipeleka habari za mahali walipo watu kwa kampuni iitwayo X-Mode. Kampuni hiyo ilikuwa ikiwapa watengenezaji kipande cha kutia katika programu zao, ikikusanya habari za mahali, kisha ikiziuza. Na miongoni mwa wanunuzi walikuwamo makandarasi wa ulinzi, na kwa njia yao jeshi la Marekani. Wakati huo programu ile ilikuwa imechukuliwa mara zaidi ya milioni 98 ulimwenguni. Wenye programu walikana kuwa waliliuzia jeshi moja kwa moja, wakatangaza kukata uhusiano na X-Mode, nasi twawaandikia jibu lao kama walivyolitoa. Lakini fikiri: mtu afungua simu yake ili ajue kibla ki wapi, na kule kuelekea kwake kibla kwawa bidhaa sokoni. Januari 2024 ile Tume ya Biashara ilitangaza amri ya kuikataza kampuni iliyorithi biashara ya X-Mode isiuze habari za mahali penye siri za watu, pakiwamo pahali pa ibada. Miaka zaidi ya mitatu ilikwisha pita. Kama mwenye programu angelazimika tangu mwanzo kumwambia kila mtu kwa maneno wazi, "Mahali ulipo twampa fulani, naye huuza," tunadhani wengi wangeifuta siku ile ile. Na huenda mwenye programu mwenyewe angekichunguza kipande kile kabla ya kukitia.

Twaja kwenye hoja ya tatu, kuwa hapana asomaye. Ni kweli, na sisi hatujitoi. Walakini waliosema hivi wamesahau kuwa maandishi hayaandikwi kwa ajili ya msomaji mmoja tu. Wosia huandikwa hata kama warithi hawausomi kila siku. Siku ya ugomvi ndipo ufunguliwapo. Kanuni ikiandikwa, mchunguzi aweza kuisoma kwa niaba ya maelfu, na mwandishi wa gazeti, na hakimu pia. Zaidi ya hayo, neno lililoandikwa humfunga aliyeliandika. Mwenye tochi alishikwa kwa sababu alilolitenda lilihitilafiana na alilolisema. Vivyo hivyo mwaka 2021 programu ya Flo, ambayo wanawake huitumia kuhesabu siku zao za mwezi, ilifikishwa mbele ya Tume ile kwa kuwa iliahidi kuzihifadhi habari zile za siri, hali ilizipeleka kwa makampuni makubwa kama Facebook na Google. Aliyeahidi akavunja ana neno la kushikwa nalo. Aliyenyamaza tangu mwanzo hashikiki kwa urahisi. Ndiyo sababu haifai kumwachia mtu hiari ya kunyamaza, maana mwenye nia mbaya ndiye atakayeichagua.

Jimbo la California liliifahamu hoja hii mapema. Sheria yake iliyoanza kutumika Julai 2004 iliwalazimisha wenye kukusanya habari za watu katika intaneti wazitangaze kanuni zao. Na mwaka 2012 mwanasheria mkuu wa jimbo hilo aliafikiana na makampuni makubwa yenye maduka ya programu kuwa sharti hilo lishike programu za simu pia, na kuwa mtu aweze kuzisoma kanuni kabla hajaichukua programu. Nchi za Umoja wa Ulaya zikafuata kwa sheria kali zaidi, iliyoanza kutumika Mei 2018.

Na kwetu Kenya? Baadhi ya waliohudhuria darasa walidhani kuwa hatuna kitu. Sivyo. Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 31, yampa kila mtu haki ya faragha. Sheria ya kulinda habari za watu ya mwaka 2019, katika kifungu cha 29, yamtaka akusanyaye habari amjulishe mwenyewe, kabla ya kuzikusanya, kuwa zakusanywa, kwa sababu gani, na nani watakaopelekewa. Yuko na Kamishna wa kuisimamia, na mwaka 2023 alitoza kampuni moja ya mikopo ya simu faini ya shilingi 2,975,000. Basi swali letu, kwa upande wa sheria, lilikwisha jibiwa: ndiyo, mwenye programu alazimika kusema. Kwa nini basi fundi wetu wa pikipiki hakujua?

Hapo ndipo turudipo kwenye hodi isiyosikika. Twaona kuwa kubainisha hakuwi kubainisha illa kwa masharti matatu. La kwanza, kuwe kwa lugha ya mwenye kuambiwa. Katiba ile ile yasema kuwa Kiswahili ni lugha ya taifa, tena ni lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Lakini programu zinazokopesha watu sokoni Kongowea au Gikomba aghalabu huweka kanuni zao kwa Kiingereza, tena Kiingereza cha mawakili. La pili, kuwe kwa ufupi na mahali paonekanapo, kabla ya jambo, si baada yake. Mambo yaliyo mazito yawekwe juu, kama nafaka iliyorowa: "Twachukua majina na namba zote za simu yako." Maneno manane haya yangetosha kumzindua kijana yule. La tatu, awepo wa kuhakikisha kuwa lisemwalo ndilo litendwalo, kwani maduka makubwa ya programu yamewawekea watengenezaji jedwali la kujaza juu ya habari wazichukuazo, lakini anayelijaza ni mtengenezaji mwenyewe, na mshitakiwa hawi shahidi wa nafsi yake.

Juu ya hayo tuongeze neno la adhabu. Sheria yetu yaweka ukomo wa faini kuwa shilingi milioni 5, au sehemu moja katika mia ya mapato ya kampuni kwa mwaka, ile iliyo ndogo. Ile iliyo ndogo! Ulaya waweka ile iliyo kubwa. Twauliza: kampuni yenye mapato ya mamia ya mamilioni itaogopa nini hapo? Wabunge wetu walitazame jambo hili.

Sasa tumebakiwa na jambo zito kuliko yote, na hili ndilo lililotufanya tuandike. Tujaalie kuwa masharti yote matatu yametimia. Tujaalie kuwa kijana yule aliambiwa kwa Kiswahili fasaha, kwa herufi kubwa, kuwa daftari lake la majina litachukuliwa, naye akafahamu, na kwa kuwa alihitaji vipuri siku ile, akaridhia. Je, mwalimu wa chuo aliridhia? Nani aliyempigia hodi yeye? Namba yake ilikuwa katika simu ya kijana kwa amana, kwa ajili ya salamu na kutakana hali. Haikuwa mali ya kijana hata aiweke rehani. Mtu aweza kutoa ruhusa ya kilicho chake. Ruhusa yake juu ya kilicho cha mwenziwe ni batili, na mwenye kuipokea ruhusa hiyo hali ajua ni mshirika katika kosa.

Kwa hiyo twasema kuwa kubainisha ni kizingiti cha nyumba, si nyumba. Wako watu ambao wakiisha kutangaza hudhani kuwa wamehalalisha. Muuzaji akitangaza kuwa kipimo chake ni pungufu, na mwenye njaa akanunua kwa dhiki, tangazo lile halikukisawazisha kipimo. Mambo mengine hayatoshi kutangazwa, bali yapasa kukatazwa. Na hapa tumefurahi kuona kuwa wenye mamlaka walilifahamu hilo: kanuni za Benki Kuu ya Kenya za Machi 2022 juu ya wakopeshaji wa njia ya simu zimewakataza kuwaaibisha wadeni kwa kuwapigia watu waliomo katika simu zao, na Google, mwenye duka kubwa la programu, tangu mwisho wa Mei 2023 alizikataza programu za mikopo kuyafikia majina na picha zilizomo katika simu. Tazama kuwa hawakutosheka na kusema, "Wajulisheni watu." Walisema, "Msichukue." Nasi twaona kuwa huo ndio mpango ulio sawa: sheria ikataze lile liwadhuru wasiokuwapo, na iamrishe kubainishwa kwa lile mtu aweza kujiamulia mwenyewe. Ikibainisha bila kukataza, itawaacha watu kama mwalimu wetu. Ikikataza bila kubainisha, hapana atakayejua kama marufuku yafuatwa.

Lakini tusiitupie serikali kila kitu, kwani sisi nasi tuna sehemu yetu. Mwalimu yule alimsamehe kijana; kisha akamwomba amwonyeshe, hatua kwa hatua, ni mahali gani katika simu mtu aweza kuona ruhusa alizozitoa. Walipoitazama simu ya mwalimu mwenyewe walikuta programu ya kibla aliyoruhusu kujua mahali alipo kila wakati, usiku na mchana, hali kibla chatakiwa mara tano tu. Na nyingine ya kusafisha picha iliyokuwa na ruhusa ya kuyasoma majina yote, yakiwamo ya wazazi wa wanafunzi wake. Hakukumbuka kuyatoa hayo. Aliyasimulia katika darasa bila kujificha, na usiku ule kila aliyehudhuria aliifungua simu yake. Hapana aliyetoka hana la kuondoa.

Basi ndugu msomaji, kabla hujabonyeza kuruhusu, jiulize mambo mawili. La kwanza, hiki wanachokitaka chahusiana na kazi waliyokuja kuifanya? Tochi haina haja ya kujua ulipo. La pili, je, ni changu mimi? Kama ni namba ya mamako, au picha ya mtoto wa jirani, au jina la aliyekupa siri yake, hicho si chako kukitoa, hata aombaye angekuwa amebainisha kila kitu kwa Kiswahili kilicho wazi. Walio na watoto na wazee nyumbani wasioyajua mambo haya, na wakae nao jioni moja wazitazame simu pamoja. Na wale miongoni mwa vijana wetu watengenezao programu, wasingoje kulazimishwa. Waandike mistari yao michache kwa lugha ya watu wao, waweke juu lililorowa, na lile wasiloweza kuliandika wazi wasilifanye.